Masta ya kemia Ujerumani: uliza maabara kwanza, chuo baadaye

Kila msimu wa maombi ukifika, wadogo zangu wanaomaliza kemia pale Mlimani huniuliza swali lilelile: "Kaka, chuo gani kizuri kwa masta Ujerumani?" Jibu langu huwaudhi. Nawaambia nitajieni kwanza maprofesa watatu ambao mngependa kufanya kazi kwenye maabara zao, halafu ndiyo tuongee habari za vyuo.

Sina maringo. Masta ya kemia yenye utafiti kule kwa kawaida ni mihula minne, krediti 120. Kati ya hizo, 30 ni za tasnifu, maana yake miezi sita hivi unashinda maabara kutwa. Kabla ya hapo kuna mafunzo ya utafiti: unaingia kwenye kundi la profesa kwa wiki kadhaa, unakabidhiwa kwa mwanafunzi wa uzamivu, naye anakumegea kipande cha kazi yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya masomo yako itakuwa mikononi mwa watu kumi au kumi na tano unaokunywa nao kahawa chumba kimoja. Chuo kikiwa cha ngapi duniani, mle ndani hakuna anayekumbuka.

Na utaratibu huo una mizizi palepale. Mwaka 1824 Justus von Liebig, kijana wa miaka 21, alipewa uprofesa Giessen akaanzisha maabara ambayo wanafunzi walijifunza kemia kwa kuifanya wenyewe. Vijana wakamfuata kutoka nchi mbalimbali. Maabara ile sasa ni makumbusho, na ukipata Jumamosi isiyo na kazi, panda treni ukaione. Ndiyo, ni Liebig yuleyule wa kondensa tunayoichora tangu sekondari.

Sasa, maabara unaijuaje ukiwa Dar au Eldoret? Fungua makala ambazo kundi limechapisha miaka miwili mitatu ya karibuni. Tazama majina ya mwanzo ni ya nani. Kama majina ya wanafunzi wa masta yanaonekana, hiyo ni dalili njema. Kisha waandikie wanafunzi waliopo sasa. Profesa atakuambia mambo yanayopendeza, wanafunzi watakuambia mambo yalivyo. Waulize wanaonana naye mara ngapi. Waulize mwanafunzi akikaa miezi miwili mmenyuko haukubali, nini hutokea: anabadilishiwa njia au anaachwa agange mwenyewe? Mimi swali hilo moja nalithamini kuliko orodha zote za ubora wa vyuo. Bahati nzuri, yale mafunzo ya wiki kadhaa yanakuruhusu kuonja makundi mawili au matatu kabla hujajifunga kwenye tasnifu. Usiyafanye yote kwa profesa mmoja eti kwa sababu umeshamzoea.

Barua pepe ya kwanza kwa profesa iwe fupi. Habari za kwamba wewe ni mchapakazi na unaipenda kemia tangu utotoni ziache, kila mtu anaziandika. Taja makala yake moja uliyoisoma kweli, uliza swali moja lenye maana, halafu eleza mikono yako inajua nini. Hapo ndipo watu wetu hujipunja. Mtu amekusanya majani, akayakausha kivulini, akayasaga, akayaloweka, akachuja, akaendesha kolamu ya silika kwa heksani na ethili asetati mpaka akapata kampaundi safi, halafu anaandika tu "nimefanya mradi wa mwaka wa mwisho". Kemia ya mazao asilia ni ngome yetu. NAPRECA, mtandao wa watafiti wa fani hiyo Afrika Mashariki na Kati, upo tangu mwaka 1984. Andika hatua zote, taja na uzito uliopata, hata kama ni miligramu nane.

Pengo letu ni vyombo. Wengi tunaondoka nyumbani tumeiona NMR, mashine ya sumaku inayoonesha muundo wa molekuli, kwenye vitabu na kwenye spektra zilizorudi kutoka nje. Kule unaweka sampuli jioni, asubuhi spektra iko kwenye kompyuta yako na mwenzako anakuuliza umeona nini. Jizoeze kabla ya safari. Hifadhidata ya SDBS ya Japani ni ya bure: fungua spektra, ficha jina la kampaundi, jibu mwenyewe. Kilele cha klorofomu, kiyeyushio kinachojitokeza kwenye spektra nyingi za NMR, pale 7.26 ppm kiwe kama uso wa jirani. Pia soma jinsi ya kufanya kazi bila hewa wala unyevu, chini ya naitrojeni. Hata mmenyuko wa Suzuki, wa kuunganisha kaboni na kaboni, ulioshiriki Nobeli ya 2010 na ambao kila kundi la usanisi, yaani la kutengeneza molekuli, huutumia, huanza kwa kuitoa oksijeni.

Usalama nao usiupuuze kwa kuona aibu ya kuuliza. Mwishoni mwa mwaka 2008, kwenye maabara moja ya chuo kikuu cha UCLA, Marekani, butili-lithiamu iliwaka ilipogusa hewa. Msaidizi wa utafiti hakuwa na koti la maabara, sweta lake la nyuzi za sintetiki likashika moto, akafariki Januari. Vaa pamba. Na kama hujawahi kufanya kitu, sema hujawahi.

Hela: vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, na chuo kikuu cha TUM cha Munich nacho kilianza kutoza mwaka 2024. Bila ufadhili kama wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, ubalozi kwa kawaida utataka uoneshe akaunti maalumu yenye yuro 11,904 za mwaka, unayochota 992 kwa mwezi. Ukitegemea kuosha vyombo mgahawani usiku, maabara itakushinda. Tafuta kazi ya HiWi, yaani msaidizi mwanafunzi chuoni, ikibidi hata ya kusahihisha ripoti za mwaka wa kwanza.

Kijerumani jifunze hata kama masomo ni kwa Kiingereza. Maelekezo ya hatari yaliyobandikwa ukutani mara nyingi ni ya Kijerumani, na watu wanaoendesha maabara hasa, fundi wa NMR, mtunza stoo ya kemikali, fundi wa kupuliza vioo, wengi wao hawana hamu ya Kiingereza. Goethe-Institut ipo Dar na ipo Nairobi. Anza A1, ngazi ya kwanza ya lugha, wakati unasubiri majibu ya maombi.