Nipe Moja Tu: Kwa Wanaoanza Ukocha Msaidizi wa Futiboli ya Marekani

Msimu wangu wa kwanza nikifundisha safu ya mbele ya mashambulizi, yaani watu watano wanaowazuia wapinzani ili mwenye mpira apite, kulikuwa na kijana mmoja, gadi wa kushoto (mmoja wa hao watano), ambaye sikumpa nafasi ya kupumua. Shusha nyonga. Mikono ndani. Usitazame chini. Miguu, miguu! Yote niliyosema yalikuwa kweli, na kila nilivyoongeza ndivyo alivyozidi kuharibu. Jumatano moja baada ya mazoezi alinifuata, helmeti mkononi, akaniambia kwa upole, "Kocha, nipe moja tu."

Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, na sijapata somo kubwa kuliko hilo. Jaribio moja, yaani tangu mpira uanzishwe hadi usimame, likiisha, timu inayoshambulia ina sekunde 40 za kuanzisha jingine. Toa muda wa vijana kuinuka, wengine kuingia na kutoka, ishara kupokewa, safu kupangwa. Kinachombakia mwalimu ni pumzi moja, na mazoezini tunakwenda kwa kasi hiyohiyo. Kwa hiyo usiku, kabla hujalala, uwe umeshaamua: kesho huyu nitamwambia neno gani? Kwa kijana wangu tulichagua "inchi". Hatua yake ya kwanza ilitakiwa iwe fupi, kama inchi 6, naye alikuwa akiirusha mbali. Ikiwa ndefu, mwili unanyanyuka, nyonga zinafunguka, mikono inachelewa, macho yanatafuta ardhi. Makosa manne niliyokuwa nikiyapigia kelele yalikuwa na mama mmoja. Kumtafuta huyo mama wa makosa ndiyo kazi yenyewe.

Na uwanjani haonekani kirahisi. Anaonekana kwenye video, ndiyo maana nawashauri mwingie kwa mlango huo. Bill Belichick, kocha mkuu maarufu, alianza mwaka 1975 na timu ya kulipwa ya Baltimore Colts kwa dola 25 kwa wiki, akikaa kwenye chumba cha filamu kuwachambua wapinzani. Macho hayo alikuwa ameyarithi nyumbani: baba yake, Steve, alikuwa kocha msaidizi na skauti, yaani mchunguzi wa wapinzani, wa chuo cha jeshi la majini kwa zaidi ya miaka 30.

Mimi nilianza kwa kukata video nikiwa mwanafunzi wa uzamili. Kila jaribio unaliandikia: ni la ngapi kati ya manne, zimebaki yadi ngapi kufikia lengo, mpira uko wapi, wamejipangaje, wamefanya nini. Macho yanauma, na hakuna anayekupigia makofi. Lakini ukishapitia michezo minne ya mpinzani, tabia zinaanza kujitokeza. Jaribio la tatu, yadi nyingi, na mlinzi fulani anasogea nusu hatua kila anapotaka kumvamia kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Siku utakapoliona hilo kabla hujaambiwa, utajua umeingia.

Kisha unachora kadi, moja kwa kila mpango wa mpinzani, ili vijana wa akiba waige wakati wa mazoezi. Kadi ni kitu kidogo, ila usiifanyie haraka. Niliwahi kuelekeza mshale wa mlinzi mmoja upande usio wake. Kikosi chetu kikajiandaa wiki nzima dhidi ya kitu kisichokuwepo, na Jumamosi kwotabeki wetu akalipia kwa mbavu zake. Nilikwenda kumwomba radhi chumba cha matibabu. Tangu hapo kila kadi naikagua mara mbili, video ikiwa wazi mbele yangu.

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunakuja na raga. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akachezea timu ya kulipwa ya Indianapolis Colts mwaka 2013, na hadithi yake imewatia moyo vijana wengi. Raga itakusaidia kwenye ukabaji na ujasiri wa mwili. Lakini ukija kufundisha safu ya mbele, yako mambo utakayolazimika kuyafuta kichwani. Kwenye raga, kumzuia asiye na mpira ni kosa. Huku ndiyo kazi ya watu watano mchana kutwa, na wanaweza kumaliza msimu mzima bila kubeba mpira hata mara moja. Ilinichukua muda kuipenda kazi hiyo ya kumfungulia mwingine njia. Sasa siwezi kutazama mchezo bila kuanza na hao watano.

Kuhusu viza, usibahatishe. Mwanafunzi wa F-1, viza ya masomo ya Marekani, anaruhusiwa kufanya kazi chuoni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na ofisi ya timu inaweza kukumeza mara mbili ya hizo. Hakuna kocha atakayekukumbusha. Si kwa ubaya, hawajui. Kabla msimu haujaanza, kaa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, uelewe ni kazi gani inahesabiwa na mkataba wako unasemaje, kisha umwambie kocha wako mipaka yako waziwazi. Nimemwona kijana hodari akipoteza miaka miwili ya jasho kwa kuona haya kuuliza.

Fedha mwanzoni ni kidogo. Panga maisha yako hivyo.

La kuhamahama ndilo linalouma. Kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi kwa kawaida humfuata, hata kama vijana wako walicheza vizuri kuliko mwaka jana. Mimi nimefungasha nyumba mara mbili kwa sababu hiyo, mara moja mke wangu akiwa mjamzito wa miezi saba. Mwenzako wa nyumbani ayajue haya kabla, si siku lori limeegeshwa mlangoni. Andy Reid, kocha mkuu mwingine maarufu, alianza kama msaidizi mwanafunzi katika chuo cha Brigham Young mwaka 1982, akapita vyuo vya San Francisco State, Northern Arizona, UTEP na Missouri kabla ya Green Bay, timu ya kulipwa, kumchukua mwaka 1992. Hesabu mara alizohama, kisha ukumbuke kwamba hao ndio waliofanikiwa.

Basi ukipata nafasi ya kuchagua, chagua mwalimu, usichague nembo. Uliza: atanikabidhi vijana niwafundishe, au nitakuwa wa kubeba koni? Kila Januari makocha hukusanyika kwenye mkutano wa chama chao, AFCA, na wanaotafuta kazi hujaa kwenye korido wakigawa wasifu. Mimi ningekaa mbele kwenye mihadhara ya mafundi wa nafasi yangu, niulize swali moja zuri, kisha niandike barua wiki hiyohiyo. Wala usidhani kubaki msaidizi ni kushindwa. Dante Scarnecchia, kocha msaidizi wa safu ya mbele, aliingia timu ya kulipwa ya New England mwaka 1982, na ukiacha miaka miwili aliyokwenda Colts alikaa huko hadi alipostaafu baada ya msimu wa 2013. Mwaka 2016 walimrudisha, maana safu ya mbele ilikuwa imeyumba bila yeye. Jina lake limejengwa na hatua fupi na mikono ya watu wengine.

Mwisho kuna kusaka wachezaji, na hapa Kiswahili changu kimenifaa. Chuo changu ni cha Daraja la Tatu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, ambako hakuna ufadhili wa michezo, na hilo mzazi namwambia kabla sijaketi. Kuna jioni nilikaribishwa kwa familia ya Kikongo, mtoto wao akiwa tekoli, mchezaji wa ukingoni mwa safu ya mbele, mwenye miguu myepesi ajabu. Baba aliuliza karo. Mama alinyamaza mpaka chai ilipoisha, ndipo akauliza, "Akiumia kichwa, nani atamuangalia?" Sikumwambia kwamba haumii. Nilimweleza mtikisiko wa ubongo ni nini, kwamba kijana huondolewa uwanjani, kwamba mwenye uamuzi wa kumrudisha ni mtu wa tiba, si mimi wala kocha mkuu. Nikamwandikia namba ya mtu huyo wa tiba, na yangu chini yake.

Kijana yuko nasi mwaka wa pili sasa. Mama hunipigia siku za Ijumaa, kabla basi halijaondoka, na swali lake la kwanza huwa ni kama amekula.