Maswali ya Wasomaji: Kubadilisha chujio bila kuwapoteza bakteria wenye manufaa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafuga samaki aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa katika tangi la lita 200 lenye chujio dogo la ndani. Nimenunua chujio kubwa la nje, lile linalokaa chini ya meza na kuunganishwa na tangi kwa mipira miwili. Muuzaji amenishauri niling'oe la zamani, nioshe tangi lote, kisha nifunge jipya siku hiyo hiyo. Rafiki yangu anasema nikifanya hivyo samaki watakufa. Nimsikilize nani?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Msikilize rafiki yako. Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, hasa kupitia matamvua, na chakula kinachooza huiongeza. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi na ambayo wewe huipunguza unapobadilisha maji. Bakteria hao hawaelei majini kwa wingi, bali hujishikiza kama utando kwenye mawe, changarawe, na zaidi ya yote kwenye sponji ya chujio, ambako maji yenye oksijeni hupita bila kukoma. Tena huzaliana polepole mno, kiasi kwamba chujio lisilo na bakteria huweza kuchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuimudu kazi yake. Muuzaji amekushauri utupe sponji na kuosha mawe kwa siku moja, yaani uondoe karibu kila kitu kinachowalinda samaki wako.

Kwa mbuna hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu wamezoea maji yenye pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) inayozidi 7.5, na kadiri pH na joto vinavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali yake ya sumu kali.

Njia ninayoipendelea ni kufunga chujio jipya na kuliacha la zamani likiendelea kufanya kazi pembeni yake kwa wiki hizo 4 hadi 6. Hata hivyo, machujio mawili hayamaanishi bakteria mara mbili, kwani idadi yao hufuata kiasi cha amonia kilichopo, nao hugawana makao. Siku utakapoliondoa la zamani utapoteza sehemu yao, kwa hiyo punguza chakula kwa siku kadhaa na upime amonia na nitriti kila siku. Kimojawapo kikionekana, badilisha robo ya maji.

Ikiwa huna nafasi ya machujio mawili, hamisha sponji ya zamani, hata kwa kuikata vipande, uiweke ndani ya chujio jipya mahali ambapo maji yote yatapita. Uchafu wake usikukere: ikamue kidogo ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, wala usiioshe kwa maji ya bomba, kwa kuwa klorini iliyowekwa kuua vijidudu haibagui. Maji mapya pia yatiwe dawa ya kuondoa klorini kabla ya kuingia tangini. Kuosha mawe na changarawe kuahirishwe hadi chujio jipya lizoee. Chupa za bakteria zinazouzwa madukani sizikatai, lakini mwenye sponji iliyokomaa hana haja ya kuzinunua.

SWALI: Je, umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria walio ndani ya chujio la nje husalimika?
Msomaji huyo huyo

JIBU: Chujio la nje limefungwa pande zote, hivyo pampu ikisimama bakteria huimaliza oksijeni iliyobaki, kisha huanza kufa na maji yaliyomo huharibika. Ukijua kwamba umeme hautarudi mapema, lifungue, utoe sponji na uzining'inize ndani ya tangi karibu na pampu ya hewa inayotumia betri. Pampu hiyo itawasaidia na samaki wenyewe. Ukikuta chujio limekaa limezimwa usiku kucha, usiliwashe hivyo hivyo, kwa sababu litarudisha maji hayo machafu moja kwa moja kwa samaki. Mwaga kwanza maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uliwashe, na upime amonia kwa siku chache zinazofuata.