Jibu kwa mkuu aliyehamia Mbeya: kigimbi kinachowaka moto mlimani na kisigino kisichokanyagika asubuhi

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu ya wadau wote. Umesema umehamia Mbeya kutoka Dar, umri unakaribia 40, unakimbia asubuhi kama ulivyozoea, na sasa kigimbi cha kulia kinawaka moto ukipanda mlima. Halafu ukiamka, kisigino hakikanyagiki mpaka utembee kidogo. Umeshauriwa ule ndizi, uchue kwa dawa ya moto na unyooshe mguu ukutani. Mimi ni mfiziotherapia, miguu ya watu ndiyo kazi yangu ya kila siku, na kukimbia nakimbia pia. Ndizi kula tu ni chakula kizuri, ila tatizo lako haziligusi. Kunyoosha ukutani nako, goti likiwa limenyooka kama ulivyoeleza, unanyoosha msuli ambao hauna kosa.

Kigimbi kina misuli miwili mikubwa iliyolaliana. Wa juu, huo unaotuna ukisimama kwa vidole, ni gastroknemiasi. Una vichwa viwili, vyote vinaanzia juu ya goti, nyuma ya mfupa wa paja. Chini yake kuna soleasi, mpana na bapa, ambao unaanzia chini ya goti kwenye mifupa miwili ya mguu. Yote miwili inaishia kwenye kano moja nene inayoshika mfupa wa kisigino, na hiyo ndiyo kano yenye nguvu kuliko zote mwilini.

Sasa angalia hapo kwenye goti, maana ndipo penye jibu lako. Gastroknemiasi unavuka goti. Ukikunja goti unalegea, na nguvu yake inapungua sana. Soleasi hauvuki goti, kwa hiyo goti likunjwe au linyooke, wenyewe unafanya kazi ile ile. Mtu anapokimbia, mguu unapobeba uzito wote goti limekunjwa kidogo, na mlimani linakunjwa zaidi, huku kisigino kikiwa chini kuliko vidole. Mzigo mkubwa unauangukia soleasi. Dar ulikuwa unakimbia tambarare. Mbeya umeupa kazi nzito kila asubuhi bila kuuandaa.

Usiniamini kwa maneno, ushike mwenyewe. Kaa kwenye kiti, goti likunjwe, wayo wote uwe chini. Weka kiganja kimoja juu ya goti ukandamize, kisha inua kisigino taratibu. Kwa mkono mwingine papasa pembeni mwa mguu, pale uvimbe wa kigimbi unapoishia na mguu kuanza kuwa mwembamba. Kile kitu kigumu kinachojitokeza pande zote mbili chini ya vidole vyako ni soleasi. Papasa juu zaidi na utakuta sehemu yenye nyama nyingi imelegea. Wengi wanaokuja kwangu na malalamiko kama yako, nikibonyeza hapo chini pembeni wanaruka, wakati katikati ya kigimbi hawasikii kitu.

Nyuzi nyingi za soleasi ni zile za mwendo wa polepole zisizochoka haraka. Ndio unaokushikilia wima ukisimama, na kila unapojikaza unasukuma damu ya miguuni irudi juu. Walimu na walinzi wanaosimama kutwa bila kutembea huvimba miguu kwa sababu pampu hiyo imelala.

Ndani zaidi, nyuma ya mifupa, kuna msuli wa tibialisi ya nyuma na misuli inayokunja vidole. Kano zake zinapita nyuma ya kifundo upande wa ndani na kuingia chini ya wayo. Tibialisi ya nyuma ndiyo inayobeba uvungu wa wayo. Ikichoka, wayo unalalia ndani na maumivu yanapanda ukingo wa ndani wa ugoko. Kwa nje kuna misuli miwili ya peroneasi inayozuia mguu usiteguke, na mbele kuna msuli wa tibialisi ya mbele, inayoinua wayo na kuushusha taratibu usijipige chini. Kama ugoko unauma kwa mbele ukishuka mlima, ndiyo hiyo.

Kuhusu kisigino. Chini ya wayo kuna utando mgumu unaotoka kisigino hadi mwanzo wa vidole, na juu yake misuli midogo iliyopangwa tabaka nne. Kidole gumba kikikunjika kwenda juu, utando unavutwa na uvungu unainuka, wayo unakuwa mgumu wa kusukumia ardhi. Daktari Mwingereza, Hicks, alilieleza hilo mwaka 1954. Ukilala, wayo unaelekea chini usiku kucha na utando unapumzika umelegea; hatua ya kwanza asubuhi unavutwa ghafla ukiwa umeshachokozwa. Kigimbi kilichokaza kinauongezea mvuto. Kwa maelezo yako naona kisigino na kigimbi ni tatizo moja.

Fanya hivi. Kwanza pima. Simama kwa mguu mmoja, goti limenyooka, ncha za vidole vya mkono zikigusa ukuta, inua kisigino mpaka juu kabisa mara nyingi uwezavyo. Mtu mzima mwenye afya hutarajiwa kukaribia 25, ingawa umri unapunguza. Kisha rudia goti likiwa limekunjwa kidogo. Linganisha kulia na kushoto.

Mazoezi yenyewe: kaa kwenye kiti, weka kanga iliyokunjwa juu ya goti, na juu yake kidumu cha maji cha lita 10, baadaye lita 20. Inua kisigino, hesabu mpaka tatu ukishusha. Hilo ni la soleasi. Kisha ngazini, visigino vikining'inia: panda kwa miguu miwili, shuka kwa mmoja polepole. Mswidi Håkan Alfredson alitoa mpango wa namna hiyo mwaka 1998 kwa wanamichezo wenye maumivu ya kano ya kisigino: mikupuo 3 ya mara 15 goti limenyooka na mingine 3 goti limekunjwa, mara 2 kwa siku kwa wiki 12. Wewe si lazima uanze na wingi huo. Siku moja fanya, siku moja pumzika. Kwa ajili ya kisigino, weka taulo iliyoviringishwa chini ya vidole unapojiinua, ili utando uvutwe na kuzoea mzigo. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayana shida, mradi kesho yake asubuhi hali isiwe mbaya kuliko jana. Kukimbia usiache kabisa, tafuta barabara tambarare kwa sasa.

Kuna mambo mawili siwezi kuyaacha, kwa sababu kila mtu hapa kakwambia uchue. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma hata ukiwa umekaa, hasa baada ya safari ndefu ya basi, upasuaji au kujifungua, USICHUE. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, na bonge likihama likafika kwenye mapafu linaua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

La pili ni kano kukatika. Nilimpokea mchezaji wa maveterani aliyesikia kishindo nyuma ya kifundo, akageuka kumtafuta aliyempiga teke, na nyuma hakukuwa na mtu. Alikotibiwa kwanza aliambiwa ameteguka, kwa sababu bado aliweza kusukuma wayo chini akiwa amelala. Hiyo misuli ya ndani niliyoitaja inaweza kufanya hivyo hata kano ikiwa imekatika. Nilimlaza kifudifudi, nyayo nje ya kitanda, nikaminya kigimbi cha mguu usio na tatizo: wayo ukashuka. Nikaminya kile kibovu: wayo ukatulia tuli. Kabla ya hapo alikuwa amekunywa sipro (ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria) alizojinunulia dukani. Dawa za kundi hilo zinaweza kudhoofisha kano, na Marekani waliziwekea onyo kali kabisa mwaka 2008. Siwezi kusema ndizo zilizomkata, ila ukizinywa huku kisigino kinauma, acha kukimbia na umweleze daktari.

Pima leo jioni, kisha uandike hapa: kulia mara ngapi, kushoto mara ngapi, goti limenyooka na limekunjwa, na kama kuna dawa ulizotumia miezi ya karibuni. Nikiona namba nitakupangia uanze na kidumu cha lita ngapi.