"Fa daan" wa TVB si lazima awe mwimbaji wa opera

Je, mwigizaji wa TVB, kituo cha televisheni cha Hong Kong, akiitwa "fa daan" ina maana amewahi kuimba opera? Hapana, si lazima. Magazeti ya Hong Kong yakimwita mwigizaji wa TVB "fa daan", yanamaanisha nyota wa kike wa kituo, basi. Neno limetoka kwenye opera ya Kikantoni, ambako fa daan ni mhusika mwanamke kijana. Mwenzake wa kiume, siu sang, naye kahamia kwenye tamthilia vilevile. Miaka ya 1930 vikundi vya opera vilijipanga kwa "nguzo sita", yaani waigizaji wakuu sita, na wawili kati yao ni fa daan. Kwa hiyo ni sifa, wala si tusi.

Wengi huchanganya na hung fu ji, "suruali nyekundu". Hiyo si aina ya mhusika, ni vazi la wanagenzi wa opera. Leo huitwa hivyo mtu aliyeanzia chini kabisa kwenye fani yake, hasa filamu.

Ila usiipeleke maana hii ya fa daan Beijing moja kwa moja. Kwenye opera ya kule huadan, neno lilelile kwa Kimandarini, ni binti mchangamfu, mwenye vituko. Mwanamke mtulivu wa heshima zake ana jina lake, qingyi.