Maswali na majibu: kuhamia milimani na watoto wanaosomea nyumbani

Maswali haya yametoka kwa familia zinazowasomesha watoto wenyewe na zinajiandaa kuhama kutoka tambarare kwenda milimani. Tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyaunganisha.

Tuna kibali cha kuwasomesha watoto wetu wawili nyumbani. Tunahamia mkoa jirani, upande wa pili wa mlima. Kibali kitatumika huko?

Msikitegemee. Kibali hutolewa na mamlaka ya eneo, na ukitoka nje ya eneo hilo mara nyingi unaanza upya. Milimani jambo hili huwanasa wengi kwa sababu mgongo wa mlima ndio mara nyingi mpaka wenyewe, wa wilaya, wa mkoa, hata wa nchi. Nyumba mbili zinazoonana kwa macho zinaweza kuwa chini ya sheria mbili, na kupokea barua katika posta moja si ushahidi kwamba ofisi yao ya elimu ni moja.

Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, ulizeni: nyumba hii iko chini ya ofisi gani ya elimu? Ofisi hiyo inataka taarifa tu au inataka iombwe idhini? Na idhini huchukua muda gani? Hilo swali la pili ndilo zito. Taarifa unaipeleka na kuendelea na masomo, idhini unaisubiri. Ufaransa, kwa mfano, iliacha utaratibu wa taarifa na kuanza kudai idhini kuanzia mwaka wa masomo wa 2022. Uswidi huruhusu kwa sababu za kipekee tu, na Ujerumani mtoto anatakiwa kuhudhuria shule, isipokuwa katika hali chache mno. Marekani kila jimbo lina sheria yake: Texas haidai taarifa, Pennsylvania inataka tamko la kiapo, siku 180 za masomo kwa mwaka (au saa 900 kwa ngazi ya msingi na 990 kwa sekondari) pamoja na tathmini ya kila mwaka.

Tatizo linaonekana hapo. Anayetoka mahali pasipodaiwa kitu hufika mahali panapodaiwa kila kitu, naye hana hata rejesta. Anzeni kuiandika sasa: tarehe, somo, saa, na kazi mbili tatu za kila mtoto kwa kila muhula, zikiwa na tarehe juu. Ofisi mnayoiacha nayo iandikieni kwamba mnahama na mnakokwenda, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mtoto anayetoweka kwenye orodha bila maelezo hutafutwa, na wanaomtafuta huja wakiwa na wasiwasi tayari.

Nyumba yetu mpya iko mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Tulipokwenda kuiangalia watoto waliumwa kichwa, mdogo akakataa chakula, mkubwa akashindwa kumaliza kurasa mbili za kitabu. Wataweza kusoma kweli huko?

Wataweza, mama, ila si wiki ya kwanza. Katika mwinuko huo kila pumzi ina oksijeni kama robo tatu tu ya ile ya pwani. Kwa kawaida mwili huanza kulalamika saa 6 hadi 12 baada ya kufika, ndiyo maana wengi huamka na kichwa asubuhi ya kwanza. Usingizi nao huwa wa mang'amung'amu kwa siku kadhaa. Mtu akibaki palepale bila kupanda zaidi, hali hutulia ndani ya siku 1 hadi 3.

Njia ikiruhusu, laleni usiku mmoja au miwili kwenye mita 1,500 hadi 2,000 kabla ya kumalizia. Mkifika, siku mbili za mwanzo watoto wasikimbie vilimani wala wasibebe mizigo. Wanywe maji mara kwa mara kwa kuwa hewa ni kavu, wale kidogo kidogo. Kichwa kikiuma, paracetamol kwa kipimo cha uzito wa mtoto inatosha. Aspirini si dawa ya watoto. Mtoto mdogo asiyejua kusema kinachomsumbua mtazameni kwa matendo: kulia ovyo, kukataa kula, kuacha kucheza.

Masomo ya mezani yaacheni siku 3 za kwanza. Wiki inayobaki someni kwa sauti, choreni, rudieni hesabu walizokwisha kuzizoea. Mada mpya zisubiri wiki ya pili au ya tatu. Wazazi wengi hupima watoto haraka ili waone kama wamebaki nyuma, na jibu wanalopata linahusu hewa kuliko linavyomhusu mtoto.

Sasa yale yasiyosubiri. Mtoto akiyumba anapotembea, akichanganyikiwa, akihema hali ameketi, au akikohoa makohozi yenye povu, mteremsheni saa hiyohiyo, hata iwe usiku, mita 300 hadi 1,000 kwenda chini, na afikishwe hospitali. Msimwache alale mkitumaini ataamka nafuu. Mwenye mafua makali au kikohozi siku ya kuhama asafiri akishapona, kwa sababu maambukizi ya njia ya hewa huongeza hatari ya mapafu kujaa maji. Mwenye selimundu (sikoseli), ugonjwa wa moyo au wa mapafu aonane na daktari wake kabla hamjalipia nyumba. Na jambo ambalo hata wenyeji husahau: mtoto aliyekwisha kuzoea mlima, akienda likizo ya wiki kadhaa tambarare, anaporudi anaweza kuugua kama mgeni, pengine zaidi. Atunzwe kama amefika kwa mara ya kwanza.

Chumba tunachotaka kiwe darasa kina jiko la kuni. Ni salama?

Linaweza kuwa salama, na hapa tunaomba msome jibu lililotangulia tena. Dalili za sumu ya kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayotoka kwenye moto usioungua vizuri, ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu, yaani zilezile za mwinuko. Familia iliyofika juzi hudhani ni mlima, kumbe ni bomba la moshi lililoziba. Kaboni monoksidi huwapata wote waliomo chumbani karibu kwa wakati mmoja, hata paka, nao hupata nafuu wakitoka nje na kuugua tena wakirudi ndani. Mkiona hivyo, tokeni wote na msirudi kuchukua kitu.

Kabla ya moto wa kwanza, fundi alisafishe bomba na kulikagua, maana ndege hujenga viota kwenye mabomba ya nyumba zilizokaa tupu. Wekeni king'ora cha kaboni monoksidi darasani na kingine karibu na vyumba vya kulala. Kuni ziwe na unyevu chini ya asilimia 20, na kufikia hapo huhitaji miezi 6 hadi 12 zikiwa zimepasuliwa na kufunikwa juu tu, pembeni wazi. Mtu anayekuuzia "kuni kavu" za mti uliokatwa mwezi uliopita anakuuzia moshi na masizi. Jiko la mkaa lisilo na bomba lisiingie ndani kabisa, hata kwa dakika za kupasha mikono. Joto la darasa likiwa nyuzi 18 hadi 20 mtoto anaandika vizuri.

Watoto wana vipindi vya moja kwa moja mtandaoni mara nne kwa wiki. Mwenye nyumba anasema "mtandao upo". Tumwamini?

Kwake upo. Ulizeni upo wapi ndani ya nyumba, wa nini, na saa ngapi. Mawimbi ya simu hayapiti ndani ya mlima, kwa hiyo nyumba iliyo nyuma ya kigongo inaweza kukosa kabisa mnara ulio kilomita 2 tu, huku iliyo mbali zaidi lakini inauona mnara ikipata vizuri. Nendeni na simu zenye laini za kampuni zote za eneo, mpime kasi katika chumba cha darasa, mchana siku ya kazi na tena jioni watu wanaporudi nyumbani. Kipindi kimoja cha video kinahitaji megabiti 1.5 hadi 3 kwa sekunde, kwenda na kurudi, kwa kila mtoto. Wengi hupima ya kupakua tu, kisha mwalimu analalamika hamsikii mtoto. Saa moja ya video hula karibu gigabaiti moja, basi pigeni hesabu ya mwezi kabla ya kuchagua kifurushi.

Simu ikishindikana, kuna setilaiti za aina mbili. Zile za zamani ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ukisema neno, jibu huchelewa zaidi ya nusu sekunde. Kupakua masomo zinafaa, mazungumzo ya darasani ni ya kukatizana. Tena, kwa kuwa zimekaa juu ya ikweta, mlima mrefu ulio upande huo wa nyumba huziziba. Zile za karibu, kilomita mia kadhaa tu juu, hazina ucheleweshaji wa kusumbua, lakini zinataka anga pana lisilo na miti wala ukuta wa mlima. Mti mmoja unatosha kukata kipindi kila baada ya dakika chache.

Umeme pia. Dishi la setilaiti za karibu hula wati 50 hadi 100. Betri ya madini ya risasi (aina ya ile ya gari) ya volti 12, yenye uwezo wa saa-ampea 100, ikitumiwa nusu ili isife mapema, huendesha mzigo wa wati 75 kwa karibu saa 8. Isikae kwenye kibanda chenye baridi, kwani ikifika nyuzi 0 uwezo wake hupungua kama sehemu moja kwa tano. Betri ya lithiamu fosfeti haichajiwi chini ya nyuzi 0, inaharibika. Na hata mkijaliwa yote hayo, wekeni masomo ya wiki 2 yaliyokwisha kupakuliwa na kuchapishwa. Dhoruba moja huangusha nguzo, na barabara ya fundi ndiyo hiyohiyo iliyofungwa.

Vitabu vyetu ni vingi. Tuvifungeje?

Maboksi madogo, la sentimita 30 kwa 30 kwa 40 likijaa vitabu lina kama kilo 20, nalo ndilo la mwisho kwa mgongo wa mtu. Vilazeni bapa au vikae kama rafuni, visisimame mgongo juu kwa sababu kurasa huning'inia na kuvuta gundi. Chupa za gundi, wino na rangi zifunguliwe, zibanwe hewa itoke, zifungwe tena na kutiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Hewa iliyofungiwa pwani hutanuka juu na kutapika kila kitu. Maboksi yaliyopoa garini yakae ndani siku nzima kabla ya kufunguliwa, la sivyo unyevu hutua kwenye karatasi. Rafu isigusane na ukuta wa nje, iachiwe sentimita 5 hadi 10, kuvu huanzia hapo.

Ni kweli maji ya kunywa yachemshwe zaidi huko juu?

Kweli. Kwenye mita 2,600 maji huchemka kwa nyuzi kama 91. Juu ya mita 2,000 yaacheni yachemke dakika 3 badala ya 1. Vyakula vikavu vinavyohitaji kuchemshwa muda mrefu vipikeni kwa sufuria ya presha, vinginevyo chakula cha mchana kitakula kipindi cha alasiri.

Tuhame mwezi gani?

Itazameni nyumba katika msimu mbaya, hamieni katika msimu mzuri. Nyumba inayopendeza wakati wa kiangazi inaweza kukosa jua kuanzia saa nane mchana wakati wa baridi kwa sababu ya kivuli cha mlima, na ile ya chini kabisa bondeni huwa baridi zaidi usiku kuliko iliyo mteremkoni, maana hewa baridi ni nzito na hutuama chini. Iliyo kwenye mdomo wa korongo tungeiacha hata kwa bei ya bure: ardhi ile tambarare ililetwa pale na mafuriko ya matope. Mkifika wiki 6 hadi 8 kabla ya baridi au mvua kubwa, mnapata muda wa kuni, bomba na betri. Kwa watoto, fungeni muhula mlikotoka. Kuhama na mada nusu ndani ya maboksi huishia kwa kuirudia yote.

Binti yetu atafanya mtihani wa taifa kama mtahiniwa wa kujitegemea mwaka huu. Kuhama kutamwathiri?

Kunaweza kumnyima mtihani, baba, msipokuwa waangalifu. Usajili hufungwa miezi mingi kabla, na kituo kina hiari ya kumkataa mtahiniwa wa nje. Hakikisheni kwa maandishi kituo kipya kinampokea kabla ya kufuta cha zamani, tena ulizeni masomo ya vitendo kwa jina: maabara ya fizikia na kemia ndiyo inayokosekana mara nyingi katika vituo vya milimani. Mitihani ya sayansi ya Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, katika ngazi za IGCSE na O Level (si A Level) ina karatasi mbadala isiyohitaji maabara, ila inachaguliwa wakati wa kujisajili. Usiku wa kuamkia kila karatasi alale karibu na kituo, upande uleule wa mto au njia ya mlimani inayofungwa. Kama mtihani uko chini ya miezi 4, sisi tungemwacha kwa ndugu amalize kwanza.

Majirani wanatuuliza kwa nini watoto hawaendi shule. Tujibu nini?

Jibuni kabla hawajauliza. Wiki ya kwanza mzazi aende kwa kiongozi wa kijiji na kwa mwalimu mkuu wa shule ya karibu, ajitambulishe, aonyeshe nakala ya kibali. Dakika kumi. Mwalimu mkuu aliyewafahamu ndiye atakayewaambia timu ya mpira inafanya mazoezi lini na kama maktaba iko wazi kwa wengine, na ndiye ataulizwa kwanza mtu akipeleka malalamiko.

Marafiki hawapatikani kwa kuanzisha kikundi chenu. Kijiji kidogo kina watoto wachache, na kikundi kipya huonekana kama kujitenga. Ingieni kwenye kilichopo, kwaya, mpira, kazi za kujitolea, kwa siku ileile kila wiki, baada ya saa za shule, watoto wenzao wakiwa huru.

Mwalimu mkuu huyo mwombeni jambo moja zaidi. Chanjo za kampeni, dawa za minyoo na vipimo vya macho mara nyingi hupitia shuleni, na watoto wa nyumbani hukosa bila mtu kujua. Waandikisheni kliniki mkiwa na kadi zao za chanjo, mwalimu awajulishe tarehe za kampeni, muwapeleke siku hiyo.