Miche ya Mchicha Huanguka Baada ya Kuota: Maswali ya Wanaoanza Bustani ya Nyumbani

SWALI: Ndugu mhariri, nimepanga nyumba Tabata, Dar es Salaam, na uani nimebahatika kupata kipande cha ardhi kinachotosha matuta mawili. Nimejaribu mchicha kwa mbegu za dukani, nikachanganya udongo na samadi ya kuku niliyoizoa moja kwa moja bandani kwa jirani. Mbegu huota vizuri, lakini baada ya siku chache miche huanza kuanguka kwa mafungu, ingawa naimwagilia asubuhi, mchana na jioni. Je, niliuziwa mbegu mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, mbegu zako ni nzima, kwa maana mbegu mbovu isingeota. Chukua mche mmoja kati ya ile iliyoanguka, ufute udongo kwa kidole, kisha utazame shina mahali linapotokea ardhini. Ukiona sehemu hiyo imenywea ikawa nyembamba kama uzi, imelainika na kugeuka rangi ya kahawia ilhali majani ya juu bado ni mabichi, basi huo ni ugonjwa wa kinyausi, ambao husababishwa na vimelea vya ukungu vinavyoishi kwenye udongo na kustawi panapokuwa na unyevu mwingi, msongamano wa miche na hewa isiyopita.

Mche uliokwisha kuanguka haufufuki, kwa hiyo ung'oe pamoja na ile inayouzunguka, uipunguze miche iliyobaki ili isigusane, na kama umeweka chanja ya kivuli, iinue au uiondoe. La muhimu zaidi ni maji. Udongo wa kichanga hukauka haraka juu, na hilo huwadanganya wengi, kwa sababu chini kidogo tu bado umelowa. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole hadi kwenye kiungo cha pili. Ukihisi ubaridi na chembe za udongo zikakung'ang'ania, acha maji mpaka baadaye. Kwa kawaida kumwagilia asubuhi kunatosha, na siku za jua kali unaweza kuongeza kidogo alasiri, lakini usiuache udongo ulale umerowa chapachapa usiku kucha.

Samadi nayo ina lawama yake. Kinyesi kibichi cha kuku kina nguvu nyingi mno, hutoa joto kinapooza na huunguza mizizi michanga. Kirundike mahali penye kivuli, ukichanganye na majani makavu au maranda, ukinyunyizie maji kidogo, ukifunike, na ukigeuze kila baada ya wiki mbili hivi, kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu. Samadi iliyoiva huijua kwa mkono na pua: ukiingiza mkono katikati ya rundo husikii joto, na harufu kali iliyokuwa ikichoma macho imekwisha. Hapo ndipo uchanganye debe moja la samadi kwa madebe mawili ya udongo. Ningekusihi uanze na kazi hii hata kabla ya kununua mbegu nyingine, kwa kuwa bustani nyingi za nyumbani hufia kwenye udongo, si kwenye mbegu.

Utakapopanda tena, changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisimwagike mahali pamoja, uzitawanye kwenye vifereji visivyozidi sentimita moja kwa kina, uzifukie kwa udongo laini, kisha utandaze nyasi kavu juu yake na kuziondoa mara tu unapoona machipukizi. Mambo yakienda sawa, utaanza kuvuna katika wiki ya nne hivi.

SWALI: Ninaishi ghorofani Nairobi na nimepanda sukuma wiki kwenye gunia katika roshani. Ile ya juu imestawi, lakini niliyopanda kwenye matundu ya ubavuni imenyauka. Nifanye nini?

JIBU: Maji hayafiki katikati ya gunia. Itakubidi ulipange upya ukiwa na kopo kubwa lisilo na kitako: lisimamishe katikati, lijaze kokoto, jaza udongo pande zote, kisha livute juu na kurudia hivyo mpaka ufike karibu na mdomo wa gunia. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo itakayopitisha maji kutoka juu hadi chini. Hata hivyo, gunia zima lililolowa ni zito sana kwa roshani; afadhali utumie magunia madogo au ndoo zilizotobolewa chini, na uzigeuze mara kwa mara ili kila upande upate jua.

SWALI: Mimi ni mgeni kabisa katika kilimo, naishi Morogoro. Naweza kuanza na nyanya?

JIBU: Subiri kwanza. Nyanya huchukua takriban miezi mitatu kutoka mbegu hadi tunda, huhitaji kuegemezwa kwenye miti, hushambuliwa na ukungu wakati wa masika, na siku hizi kuna kantangaze, kiwavi anayechimba majani na kutoboa matunda, ambaye huwatoa jasho hata wakulima wazoefu. Anza na matembele. Omba marando, yaani mashina ya viazi vitamu yanayotambaa, kwa jirani, ukate vipande vya urefu wa sentimita 30 hivi, ufukie nusu yake kwenye tuta lenye samadi iliyoiva, umwagilie mpaka vishike. Baada ya wiki chache utachuma ncha laini, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyotoa matawi mapya.