Darasa la watoto 60 bila maabara: anza na jiwe na ndimu

Mwalimu mwenzangu wa Wete, nimekusoma: watoto 60, maabara hakuna, na somo la udongo na miamba limebaki la kunakili ubaoni. Hayo nimeyapitia huku Unguja.

Anza na jiwe la matumbawe. Likwangue kidogo kwa msumari, ulidondoshee siki. Ukikosa siki, ndimu yatosha. Linatoa povu, maana ni chokaa, na asidi, ule uchachu wa siki au ndimu, inatoa humo gesi ya kabonidioksidi. Waambie watoto wategeshe sikio. Wangu walinyamaza kimya kusikia jiwe "linachemka", jambo ambalo fimbo haijawahi kuniwezesha.

Siku ya pili kila kundi lilete chupa tupu ya maji na udongo wa kwao. Jaza robo udongo, ongeza maji, tikisa, weka dirishani. Mchanga hutua chini ndani ya dakika moja, udongo wa mfinyanzi huweza kupitisha usiku maji bado yana tope. Usiwaruhusu kuitikisa tena!

Mawe yavunje mwenyewe, nyumbani, umeyafunika gunia. Vipande huruka machoni. Na chokaa ya tanuu isiyozimwa, yaani iliyochomwa ila haijatiwa maji, usiilete kabisa, inaunguza. Ikimwingia mtoto jichoni, osha kwa maji mengi mfululizo huku mkikimbilia hospitali.